Nishani ya Mzee Jilala na Tumbaku ya Ushetu

Vijana wangu wa ofisini, siku mliyoniaga mlinipa kanga doti mbili na saa ya ukutani, halafu mkanitaka niseme maneno mawili. Nikasema "asanteni" na "karibuni", nikakaa. Mlicheka mkidhani natania, kumbe wala. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikisema maneno ya watu wengine, na ya kwangu yalikuwa hayajazoea kutoka mbele ya umati. Sasa nipo nyumbani, wasikilizaji wangu ni kuku na mume aliyepungukiwa masikio, basi nimeona niwaandikie yale niliyopaswa kuwaambia siku ile kabla ya pilau. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, kwanza ni fupi, pili zinaniudhi.

Kwa barua ya ajira mimi nilikuwa karani wa mahakama. Ukalimani ulikuja wenyewe, kama unavyomjia mtu yeyote anayekaa ofisi moja na Kisukuma na Kiswahili. Hakimu anatoka Mtwara, mshtakiwa anatoka machungani, na katikati yao nipo mimi, Mama Kulwa, kalamu sikioni. Hata hakimu alikuwa ananiita Mama Kulwa, tangu nilipojifungua mapacha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mahakama ya mwanzo kule Maganzo, mahali ambapo kila mtu barabarani alikuwa anauza almasi au anamjua anayeuza. Nilimkuta karani mkuu, Mzee Ndaki, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa na koti moja na suruali mbili. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Leo utasimama na mshtakiwa. Akisema mimi, sema mimi. Usiseme 'anasema kwamba'. Wewe hapo hupo."

Nikaona ni rahisi. Kesi ilikuwa ya wizi wa ng'ombe. Mshtakiwa akajieleza kwa Kisukuma, taratibu, bila wasiwasi, nami nikasimama pembeni yake nikatoa sauti kubwa ya shuleni: "Mimi niliwachukua ng'ombe wale, mheshimiwa, lakini walinifuata wenyewe." Sasa, kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa mama yangu mdogo, aliyeniletea viazi vya mchana na kutaka kuniona siku yangu ya kwanza kazini. Kisukuma cha mshtakiwa hakukisikia vizuri. Alichosikia ni mimi. Akasimama, akashika kichwa: "Mayu! Mama yangu! Ng'ombe wa nani tena? Lini?" Wazee wa baraza walicheka mpaka hakimu akaahirisha kwa dakika chache. Mama mdogo alikubali maelezo yangu, lakini viazi alirudi navyo nyumbani.

Mzee Ndaki hakucheka. Jioni, tukiwa tunafunga madirisha, alinifundisha kazi yote kwa muda wa kufunga madirisha manne. Simama bega kwa bega na anayesema, usimpite, usibaki nyuma. Usisafishe matusi, usiongeze chumvi. Mtu akiguna, sema ameguna. Kunywa maji, usinywe chai, chai inakuita nje. Na ikitokea lazima useme jambo la kichwani mwako mwenyewe, omba ruhusa kwanza, kisha piga hatua moja pembeni ili kila mtu aone kwamba sasa ni wewe. Ukimaliza, rudi mahali pako. Ile hatua moja ya pembeni nimeipiga mara chache sana maishani, na mojawapo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu hii.

Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa glasi ya maji, leso, na viatu visivyo na kisigino. Nawaona ninyi mnakuja na vishikwambi. Sawa, lakini nunueni na viatu.

Kutoka Maganzo nikahamishiwa upande wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko nilikuta watu wa kila kabila wakigombania shimo moja, wanaloliita duara, na kila mmoja ana hakika kwamba mawe yenye dhahabu yalikuwa upande wake. Kisukuma changu kikalazimika kujifunza adabu kwa Kisumbwa na Kizinza. Kuna siku mama mmoja muuza chakula alimshitaki mchimbaji kwa kumtukana, na hakimu akataka matusi yenyewe yasemwe kama yalivyo. Hakimu huyo alikuwa mzee wa kanisa ninakosali. Nikanywa maji, nikayasema, moja baada ya jingine, na yalikuwa mengi kwa sababu yule kijana alikuwa na kipaji. Jumapili iliyofuata hakimu alipita mlango wa pembeni. Ilichukua wiki kadhaa tukaweza kuamkiana tena kama Wakristo.

Kesi nzito pia zilikuwepo. Bibi kizee aliyechomewa nyumba na majirani wakimwita mchawi alisimama kwenye kizimba, akaulizwa kama anawatambua waliochoma, akashusha pumzi tu. Nikasema, "Ameshusha pumzi." Hakimu akaandika hivyo hivyo. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimechoka kuliko siku ya matusi, na usiku ule sikula.

Miaka ya mwisho nikaletwa Mhunze, karibu na kwetu, na hapo ndipo nilipokutana na Mzee Jilala.

Kamati ilikuwa imekuja wilayani kusikiliza maombi ya wazee waliopigana Vita vya Kagera ambao nishani zao za vita hazikuwahi kutoka, kwa kuwa kumbukumbu za utumishi wao hazikuonyesha kitu. Wengi walikuwa mgambo waliochukuliwa vijijini. Wakati ule mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka malori yakipita barabarani na wanaume wakiimba, sisi tukikimbia nyuma tukipiga makofi kana kwamba ni arusi. Kamati ilihitaji mkalimani, mahakama ikaniazima. Mwenyekiti alikuwa kanali mstaafu, mtu wa pwani, mpole, aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani kila alipotaka muda wa kufikiri.

Mzee Jilala alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Mke wake, Mama Kabula, alikuwa nyuma yake na kikapu. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha jeshini tupu: alijua geuka kulia, mguu pande, na lala chini, lakini kusimulia kwa Kiswahili hakuweza. Nikasimama naye bega kwa bega.

"Eleza ulikuwa wapi na ulifanya nini," akasema mwenyekiti.

Mzee akajibu kwa Kisukuma, nami nikasema, "Mimi nilikuwepo."

"Wapi?"

"Kule mpakani. Kisha mbele zaidi."

"Ulifanya nini?"

"Nilikuwepo."

Mwenyekiti akafuta miwani. Akamweleza kwa upole kwamba wenzake waliomtangulia asubuhi ile walitaja vikosi, mito, makamanda, hata chakula. Yeye ana nini cha kusaidia ombi lake? Mzee Jilala akatazama mikono yake, akasema neno lile lile. Nami nikalirudia, nikijisikia kama redio mbovu.

Ndipo mwenyekiti akafungua faili, akasema hapendi kuyasoma haya lakini ni haki ya mzee kuyasikia. Walipoulizia kijijini kwake miaka ya nyuma, watu walisema Jilala hakwenda vitani. Walisema kipindi chote kile alikuwa Ushetu anachuma tumbaku.

Nilitafsiri. Mzee hakutikisa hata kope. Aliyesimama ni Mama Kabula, kikapu kikaanguka.

"Hayo ni maneno ya Petro!" akapaza sauti. "Mayu, waambie! Hayo ni maneno ya Petro, ni utani! Miaka yote hii watu wananicheka kisimani, 'mume wako kakuletea tumbaku gani?' Wanangu wamekulia kwenye maneno hayo! Na mume wangu hajibu! Huyu hajibu kitu!"

Nikatafsiri hayo nayo, na kwa mujibu wa kanuni nikasema "wanangu" na "mume wangu", jambo ambalo mume wangu mwenyewe aliposimuliwa alidai kulipwa fidia.

Mwenyekiti akauliza Petro ni nani. Mama Kabula akaeleza kwamba ni binamu wa mumewe, mtoto wa shangazi yake, anakaa Ushirombo. Walikwenda vitani pamoja. Petro ana nishani yake, huivaa kanisani sikukuu zote.

"Basi mzee ajibu," akasema mwenyekiti. "Kama ulikwenda, kwa nini husimulii?"

Mimi nilijua kwa nini hasimulii. Wakati tunangoja zamu yetu, Mama Kabula alikuwa ameninong'oneza pale kwenye benchi la nje. Jilala aliporudi, babu yake alimwosha kwa maji ya dawa kwenye lango la zizi kabla hajaingia nyumbani, kama ukoo wao unavyomfanyia mtu ambaye mkono wake umeua. Akamwambia kwamba kilichotokea kimebaki nje ya zizi, na asikiingize tena kwa mdomo wake maisha yake yote. Petro hakuoshwa hivyo, kwa sababu Petro hakuua mtu. Na Jilala alikuwa mtu wa kushika aliyoambiwa na babu yake.

Nilikunywa maji. Nikaomba ruhusa ya kusema kwa nafsi yangu, nikapiga hatua moja pembeni. Nikasema, "Mheshimiwa, huyu mzee ana mwiko wa ukoo. Hawezi kusimulia kwa mdomo wake. Hajakataa kujibu." Nikarudi mahali pangu.

Mwenyekiti akafuta miwani kwa muda mrefu. Akasema mwiko anauheshimu, kwao pia miiko ipo, lakini kamati haiwezi kuandika ukimya. Je, upo mdomo mwingine wa kusema? Kamati itakuwa hapa mpaka kesho jioni, baada ya hapo inafunga kazi na kuondoka, na maombi yasiyo na ushahidi yatafungwa moja kwa moja.

Mama Kabula alikuwa ameshatoa simu kwenye kifundo cha kanga.

Kesho yake, mchana ukiwa umeshapita na mimi nimeshakata tamaa kimoyomoyo, bodaboda ilisimama nje ya ukumbi. Akashuka mzee mfupi, mnene, mwenye fimbo, kofia ya pama, na nishani kifuani inang'aa kwa kusuguliwa. Mguu mmoja ulikuwa unaburuta kidogo. Huyo ndiye Petro. Alikuwa amelala njiani Kahama kwa kukosa basi, na mtu akiangalia shati lake aliamini.

Mama Kabula alimpokea pale nje. Sikuamini macho yangu jinsi mwanamke yule mdogo alivyomshika mzee wa watu ukosi wa shati. Alimweleza yote: nishani haijawahi kutoka, na kinachoizuia ni tumbaku yake ya Ushetu. Petro akarudi nyuma hatua moja.

"Nishani hana?" akasema. "Mimi nilidhani anaificha kwa kiburi! Kila sikukuu namuuliza, nishani yako umemvika mbuzi? Ananitazama tu."

"Basi ndiyo ujue," akasema Mama Kabula, akamwachia ukosi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikauona uso wa Petro ukibadilika. Nitasema wazi kwamba nilimhurumia. Alikaa kwenye ngazi, akavua kofia, akaivaa tena, akaingia ndani.

Mwenyekiti akamkaribisha na kumwambia anaweza kusema kwa Kiswahili ikiwa anakijua. Petro alikijua vizuri, amekuwa katekista. Akasema hapana, atasema Kisukuma, kwa kuwa anayoyataka kuyasema yakiwa kwa Kiswahili hayana ladha. Nikasogea bega kwa bega naye. Akamgeukia Mzee Jilala, akamnyooshea fimbo, akaanza.

Nami nikaanza: "Mimi namfahamu huyu mjinga tangu tukiwa hatuna nguo. Ni mtu mwenye masikio ya punda na miguu ya mbuni. Ng'ombe wake wamekonda kwa kumtazama."

Mwenyekiti akainua mkono. "Shahidi anamtukana mwombaji?"

Nikaomba ruhusa, nikapiga ile hatua ya pembeni kwa mara ya pili ndani ya siku mbili, Mzee Ndaki angenipa onyo. "Mheshimiwa, ni binamu yake. Ni watani. Hana njia nyingine ya kusema naye."

Mwenyekiti akatazama dari kidogo, kisha akatabasamu. "Endelea. Tafsiri yote."

Basi nikatafsiri yote, kwa nafsi ya kwanza, mbele ya kamati nzima, mimi mama mzima mwenye wajukuu.

"Mimi nilipigwa risasi pajani, barabara ya matope, gari letu limeziba njia na linaungua. Waliokuwa wazima walikimbilia mbele, na walifanya sawa, maana ndiyo amri waliyopewa. Huyu punda peke yake akarudi nyuma. Nikamwambia, 'Nenda, mpumbavu wewe, una mke.' Akaniambia nina mdomo mkubwa kwa mtu anayekufa. Akanibeba. Ananibeba vibaya, mheshimiwa! Anabeba kama mtu aliyeiba mbuzi. Kichwa changu amekigonga kwenye kila mti wa nchi ile. Nilimwambia bora anirudishe palepale kwa adui, adui ana huruma zaidi."

Watu walikuwa wanacheka, hata yule mwandishi wa kamati ambaye tangu jana hakuwa ameonyesha meno. Mama Kabula alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Mzee Jilala alitazama mbele tu, lakini nilimwona shingo yake imeanza kulegea.

"Tulipofika kwenye majani marefu, mtu akatokea mbele yetu na bunduki," Petro akaendelea, na sauti yake ikashuka, na ya kwangu ikashuka nayo. "Huyu akanitupa chini, nikalala kifudifudi. Sikuona. Nilisikia. Aliponigeuza alikuwa analia, na aliendelea kulia mpaka tulipofika kwa madaktari. Hapo sitasema zaidi, hapo ni pake. Mimi nilipelekwa hospitali, jina langu likaandikwa. Yeye akarudi mbele na watu asiowajua, mpaka mwisho wa vita. Nadhani ndipo jina lake lilipodondoka, njiani huko, kati ya kikosi na kikosi."

Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya chini, ile habari ya Ushetu ilitoka wapi.

Petro akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Niliisema mimi. Kwenye arusi ya dada yangu, mwaka tuliorudi. Nilisimama nikasema, 'Huyu anajifanya askari, alikuwa Ushetu anachuma tumbaku.' Watu wakacheka. Ndivyo tunavyofanya, mheshimiwa. Mimi nasema, yeye ananirudishia. Angesema tu, 'Kama nilikuwa Ushetu, nani alikubeba?' Nikamngoja. Hakunirudishia. Nikaona labda haikumchoma vizuri, mwaka uliofuata nikairudia. Nikairudia kila mwaka, kila arusi, kila matanga, namngoja anijibu. Kumbe kunijibu ni kusimulia, na kusimulia kwake ni mwiko. Sikuliwaza hilo. Mimi najiita mtu mwerevu, sikuliwaza hata siku moja."

Nje bodaboda ilikuwa inangurumishwa na hakuna aliyeigombeza.

"Mtani haombi msamaha," akasema Petro, "kwa hiyo siombi. Mwandikieni nishani yake. Na mimi kwenye hayo maandishi yenu mniandike ukweli. Sikuwa askari siku ile. Mimi nilikuwa mzigo."

Nilifungua mdomo nitafsiri. "Mimi," nikasema, na sauti ikakata. Wezi nimewasemea, wauaji nimewasemea, yule bibi aliyechomewa nyumba nilisimama naye bila kutetereka, lakini pale neno la pili halikuja. Nikanywa maji. Nikatoa leso. Mwenyekiti alinisubiri bila kuniharakisha, Mungu ambariki. "Mimi nilikuwa mzigo," nikasema hatimaye, na mwandishi akaandika.

Mzee Jilala na Petro walitoka nje, wakakaa kwenye ngazi ile ile, Mama Kabula akawagawia mihogo kutoka kwenye kikapu. Nilipopita kwenda nyumbani Petro alikuwa analalamika kwamba mihogo ni migumu kama binamu yake. Mzee Jilala aliendelea kutafuna. Niliwapita, nikasahau hata kuwaaga.

Majibu yalichukua muda wake, kama mjuavyo ofisi zetu. Nilikuwa nimebakiza wiki chache kustaafu nilipoitwa tena. Nishani zilikuwa zimefika, wazee wale wangevishwa kwenye uwanja wa wilaya, na Mzee Jilala alikuwa ametuma ujumbe kwamba akihitajika kusema neno, yule Mama Kulwa awe bega kwa bega naye.

Walivishwa mmoja mmoja. Wengine walipiga saluti, mmoja alikumbuka gwaride lote akatembea nalo mpaka akashikwa mkono na kurudishwa kwenye kiti. Alipovishwa Mzee Jilala, Mama Kabula alipiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akatazama upande waliokaa majirani zake wa kisimani, akawatazama mmoja mmoja bila haraka. Wale wanawake walisimama, wakapiga vigelegele na wao.

Mgeni rasmi akampa Mzee Jilala kipaza sauti. Nikadhani atasema lile neno lake moja, "nilikuwepo", nilikuwa nimeshaliandaa. Yeye akakitazama kipaza sauti, akamtafuta mtu kwenye umati, akampata: Petro, mstari wa mbele, mguu mbaya umenyooshwa, nishani kifuani, kofia magotini. Akasema naye kwa Kisukuma, polepole, sauti haina tabasamu hata kidogo. Nilielewa maneno yote kabla hajamaliza, na nikalazimika kujibana mbavu ili nifanye kazi yangu.

"Ni kweli," nikasema kwa niaba yake, "mwaka ule mimi nilibeba tumbaku. Nilibeba furushi moja tu. Lilikuwa zito, lilikuwa linanuka, na lilipiga kelele njia nzima."

Petro alisimama. Akajaribu kurudisha jibu, fimbo ikiwa juu, mdomo wazi, akakosa neno. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Akakaa, akafunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika, na waliokaa karibu naye waliniambia baadaye kwamba hawakuweza kujua kama anacheka au analia. Mzee Jilala alinirudishia kipaza sauti, akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama, akaenda kukaa kando ya binamu yake. Ile ya furushi ndiyo sentensi ya mwisho niliyotafsiri nikiwa kazini, na sikuiongeza chumvi.